Ukanda: Asili ya Mtu Inapogeuzwa Sifa ya Kazi

Kupenda kwao si kosa kwa mtu yeyote, wala hapana ubaya raia akichangia shule ya kijiji alichozaliwa au akijivunia lafudhi yake. Ukanda huanza pale mapenzi hayo yanapoingizwa katika mambo ya umma, asili ya mtu ikawa ndiyo inayoamua nani aajiriwe, barabara ipite wapi na kura apewe nani.

Mara nyingi hauji kwa kelele. Tangazo la kazi huwafikia watu wa upande mmoja kabla halijabandikwa ubaoni; siku ya usaili, mjumbe wa jopo hupekua vyeti harakaharaka, kisha jicho lake likatua kwenye jina la ukoo na wilaya ya kuzaliwa, na swali la kwanza likawa, "Kwenu hasa ni wapi?" Hapatakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba aliyekosa nafasi aliikosa kwa sababu ya kwao.

Mahubiri ya umoja peke yake, kwa maoni yangu, hayafui dafu, kwa kuwa ukanda hulishwa na mgawanyo wa rasilimali. Eneo lililokaa miaka mingi bila barabara wala hospitali huamini kwamba dawa ni kumpata mtu wake juu, na lililokwisha kumpata huogopa kumpoteza. Ndiyo maana Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 204, ilianzisha mfuko wa usawazishaji unaotengewa asilimia 0.5 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya taifa kila mwaka, ili maeneo yaliyoachwa nyuma yafikishiwe maji, barabara, afya na umeme.

Siasa nazo zimewekewa masharti. Nchini Tanzania, Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakitaka chama kinachoomba usajili wa kudumu kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mmoja wa mikoa isiyopungua 10, miwili kati ya hiyo ikiwa ya Zanzibar, mmoja Unguja na mwingine Pemba. Mgombea urais wa Kenya, hata akipata zaidi ya nusu ya kura zote, hashindi mpaka afikishe asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47.

Tiba hizi zina gharama yake. Nigeria, iliyokwisha kupitia vita vya Biafra, eneo la mashariki lililotaka kujitenga, vya 1967 hadi 1970, iliweka katika Katiba ya 1979 kanuni ya kugawa nyadhifa za serikali kuu kwa kuzingatia majimbo yote. Lakini anayehesabiwa kuwa wa jimbo ni yule mwenye asili ya hapo, na hati ya asili hutakiwa katika ajira na masomo, hivyo mtoto wa wahamiaji aliyezaliwa na kukulia jimboni anaweza kubaki mgeni maisha yake yote. Kigezo cha ukaazi, yaani mahali mtu anapoishi na kulipa kodi, kingepunguza dhuluma hiyo, ingawa nacho hakifanyi kazi pasipo daftari la wakaazi linaloaminika na pande zote.