Kusafisha makohozi maana yake nini

Juzi kwenye kivuko cha Kamanga abiria mmoja alikuwa akimweleza mwenzake kwamba amepimwa kifua kikuu na hakuonekana kitu, kwa sababu "maabara waliyasafisha makohozi kwanza". Nimelisikia neno hilo likisemwa hivyo mara nyingi mno, hata na watu wa afya.

Kusafisha makohozi ni kuyatia dawa inayolainisha ute na kuua bakteria wengine, ili wa kifua kikuu wabaki hai na waoteshwe, yaani wakuzwe maabara. Basi.

Tatizo limo ndani ya neno lenyewe. Safi tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni kitu kisicho na mchanganyiko: maji ambayo matope yake yamezama, dhahabu tupu. Sisi tukalipeleka kwenye sabuni na ufagio, na sasa mtu akisikia "kusafisha" anaona kila kilichokuwemo kimeondoka. Maabara wao wamebaki na maana ile ya kwanza. Mama anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hahitaji kuelezwa. Akisafisha dagaa anatoa mchanga na furu, visamaki vya aina nyingine, dagaa wanabaki kwenye ungo.

Mchanga wa makohozi ni bakteria wa kinywani na kooni. Wengi wao hujigawa ndani ya dakika 20 au 30, ilhali wa kifua kikuu huchukua saa 15 hadi 20, pengine zaidi. Ukiwaotesha pamoja, wenye haraka wanajaza chupa yeye bado hajaanza. Ndiyo sababu ya kutia kostiki soda, ileile ya wapika sabuni, ila iliyopimwa. Bakteria wa kifua kikuu ana ukuta wenye nta, hivyo soda haimpenyi upesi. Sisemi hadhuriki: ukichelewa, naye anakufa. Dakika 15 hadi 20 zikitimia, unamimina bafa kupoza ukali, mashine inazungusha, na mashapo yaliyoshuka chini ndiyo yanayooteshwa, hadi siku 42 kwenye chupa za maji ya lishe.

Kwa hiyo abiria yule alikuwa na chembe ya haki. Dawa ikizidi, bakteria wachache waliokuwemo wanaweza kupotea. Lakini kama alipimwa kwa mashine ya GeneXpert, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Pale makohozi hutiwa dawa mara mbili ya ujazo wake, na bakteria wa kifua kikuu nao hufishwa kwa makusudi, maana mashine inatafuta vinasaba vyake, haijali kama yu hai. Kazi zote mbili tunaziita kusafisha, na hapo kosa ni letu sisi wa maabara.

Kaka yangu wa Kamanga, neno lililo karibu zaidi ni kuchambua. Na kama kikohozi bado kipo, rudi ukatoe mengine, ya asubuhi, yanayotoka kifuani, siyo mate.