Kimya cha kamati ya udahili: dhana potofu kuhusu majibu ya MFA

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Anayesubiri majibu ya MFA, yaani shahada ya uzamili ya sanaa, huusikiliza mshindo huo usiku kucha. Saa nane za usiku anafungua simu, anaangalia barua pepe, anaizima, anaifungua tena. Nimepitia msimu huo mara mbili, na tangu hapo nimekuwa nikiwasaidia wenzangu kupanga maombi yao. Kinachoniuma si kusubiri kwenyewe. Ni kuona mtu mwenye kazi nzuri akijihukumu kabla hajahukumiwa, kwa kutegemea mambo ambayo si kweli. Nitazungumzia zaidi vyuo vya Marekani, maana huko ndiko shahada hii ilikokita mizizi.

"Wiki ya sita hii, kimya. Basi wamenikataa."

Hii ndiyo inayowaumiza wengi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Maombi mengi hufungwa kati ya Desemba na katikati ya Januari. Lakini siku ya mwisho ya kutuma si siku ya kwanza ya kusomwa. Kwanza ofisi ya udahili hukagua kama faili limekamilika: matokeo ya shahada ya kwanza, barua za mapendekezo, ada ya maombi, mtihani wa Kiingereza kwa wanaotakiwa kuufanya. Ndipo faili huenda idarani. Huko husomwa na walimu wenyewe, wachoraji na wachongaji wenye vipindi vya kufundisha na maonyesho yao ya kuandaa. Kwa kawaida kila mwombaji ametuma picha 10 hadi 20 za kazi zake, mara nyingi kupitia SlideRoom, mfumo wa mtandaoni wa kutumia kazi za sanaa vyuoni. Walimu huzipitia, huweka alama, kisha hukutana. Wanaopendwa na wote hawachukui muda, na wasiopendwa na yeyote pia hawachukui muda. Mjadala huwa mrefu kwa wale wa katikati, ambao mwalimu mmoja anawatetea kwa nguvu zote na mwingine haoni kitu. Ukiwa katika kundi hilo, siku zinazokuchosha wewe ndizo siku ambazo kuna mtu anakupigania.

Halafu kuna hesabu ya nafasi. Mwanafunzi wa MFA kwa kawaida hupewa studio yake, kwa hiyo idadi ya watakaoingia hufungwa na idadi ya vyumba vilivyo wazi pamoja na fedha za ufadhili za mwaka huo. Idara nyingi huchukua watu wasiofika 20, na zipo zisizofika hata 10. Walimu wakishachagua, majina hupelekwa kwa mkuu wa shule au ofisi ya masomo ya uzamili kuthibitishwa, na barua rasmi hutoka huko. Mtu anaweza kukubaliwa na walimu leo, barua ikamfikia wiki mbili baadaye. Au mwalimu akampigia simu kabla ofisi haijaandika lolote, na ndiyo sababu nawaambia watu wapokee namba wasizozijua kuanzia Februari.

Majibu mengi hutoka kati ya mwisho wa Februari na katikati ya Aprili. Kimya cha Februari, kwa hiyo, hakina maana yoyote. Kimya cha Aprili kina maana kidogo, na hata hicho si lazima kiwe kukataliwa, kama nitakavyoeleza nikifika kwenye orodha ya akiba, yaani ya wanaongoja nafasi ifunguke.

Na mwenzako aliyeomba chuo hicho hicho akapata jibu jana? Muulize kwanza aliomba idara gani. Yale School of Art, kwa mfano, ina idara nne za MFA: usanifu wa grafiki, uchoraji na uchapaji wa sanaa, upigaji picha, na uchongaji. Wanaoisoma kazi ya mchongaji si wale wanaoisoma kazi ya mpiga picha. Cranbrook Academy of Art, katika jimbo la Michigan, imekwenda mbali zaidi: kila idara huongozwa na msanii mmoja anayeishi na kufanya kazi papo hapo. Jibu la mtu wa idara nyingine halikuhusu, hata kama jina la chuo kwenye barua ni moja.

"Akaunti yangu kwenye mfumo imebadilika neno. Lazima ni dalili."

Maneno ya kwenye akaunti ya mwombaji, "imewasilishwa", "imekamilika", "inapitiwa", huendeshwa na ofisi na kompyuta. Walimu wanaoangalia picha zako hawayagusi. Yakibadilika, mara nyingi ni faili limehamishwa kutoka meza moja kwenda nyingine.

Hata hivyo kuna mstari mmoja humo wa kuangaliwa kwa makini, nao ni ule wa nyaraka. Mwaka wangu wa kwanza wa kuomba, mwisho wa Januari, niliona imeandikwa kwa herufi ndogo za kijivu: barua 2 kati ya 3 zimepokelewa. Mwalimu wangu alikuwa ameiandika ile ya tatu, lakini kiungo alichotumiwa kilikuwa kimeingia kwenye kapu la barua taka. Nilimpigia, akaituma jioni ile ile. Ningesubiri wiki mbili zaidi, faili langu lingesomwa likiwa pungufu, au lisisomwe kabisa. Kwa hiyo fungua akaunti, hakiki nyaraka, kagua kapu la barua taka kwenye barua pepe yako, kisha funga. Mara moja kwa wiki inatosha.

"Sijaitwa kwenye usaili, kwa hiyo nimekwisha."

Hapa jibu la kweli ni: inategemea, na ni haki yako kuambiwa bila kufichwa. Kuna vyuo visivyofanya usaili kabisa, vinaamua kwa picha, maelezo ya msanii na barua. Kuna vingine vinawaita baadhi tu, wale ambao kamati bado ina maswali juu yao. Na kuna vyuo ambavyo usaili ni lazima kwa kila atakayekubaliwa, Yale kikiwa kimojawapo. Kwa hivi vya mwisho, muda wa usaili uliotangazwa ukipita bila wewe kuitwa, uwezekano ni mdogo sana. Soma ukurasa wa udahili wa idara yako, neno kwa neno. Chuo kinachofanya usaili huwa kimesema, na mara nyingi kimetaja mwezi.

Dhana ya pili, kwamba ukiitwa umeshapita, nayo imewaumiza watu wazuri. Wanaoitwa huwa wengi kuliko nafasi. Niliwahi kutoka kwenye usaili wa dakika 20 nikiwa na furaha tele. Mmoja wa walimu alikuwa ameomba tuirudie picha ya saba na kuuliza kwa nini nimeacha ukingo wa turubai bila rangi. Tukazungumza juu ya ukingo ule tu kwa dakika tano nzima, na nikajua kwamba ameiangalia kazi yangu kweli. Sikupata nafasi. Bado nauona ulikuwa usaili mzuri, na tangu siku hiyo nimekuwa nikifanya kazi na kingo. Lakini uchangamfu wa mwalimu kwenye skrini ni uchangamfu tu. Uamuzi huja baadaye, akiwa amekaa na wenzake, na majina yote yako mezani.

"Orodha ya akiba ni kukataliwa kwa adabu."

Hapana. Kamati hazina sababu ya kukuweka kwenye orodha ili kukufurahisha, maana kila jina lililoko pale ni kazi ya ziada kwao. Wanaowekwa akiba ni watu ambao kamati ingewachukua kama studio zingekuwa nyingi zaidi. Na studio hufunguka, kwa sababu mwombaji mwenye nguvu huwa amekubaliwa vyuo viwili au vitatu, na atakwenda kimoja tu.

Tarehe ya kuijua hapa ni 15 Aprili. Upo mwafaka wa muda mrefu wa Council of Graduate Schools, jumuiya ya vyuo vinavyotoa masomo ya uzamili, uliotiwa saini na vyuo vikuu vingi vya Marekani, unaosema kwamba mwanafunzi aliyepewa ofa yenye ufadhili halazimiki kujibu kabla ya siku hiyo. Si vyuo vyote vimo, na baadhi ya shule za sanaa zinazojitegemea zina tarehe zao. Lakini kalenda ya wengi huzunguka hapo: watu hushikilia ofa zao hadi dakika za mwisho, halafu kati ya tarehe 14 na 16 wanazikataa kwa pamoja, na idara zinaanza kupiga simu. Anayekata tamaa tarehe 10 anaondoka uwanjani muda mfupi kabla mpira haujamfikia.

Ukiwekwa akiba, jibu siku hiyo hiyo kwamba unabaki. Barua fupi inatosha: unaitaka nafasi, na kwa nini idara hiyo. Uliza kama wanapokea kazi mpya. Wakikubali, tuma picha moja au mbili za kazi iliyokamilika baada ya kuomba, zikiwa na vipimo na mwaka. Wakikataa, usitume. Usiwaandikie kila wiki.

Kwa anayehitaji viza ya Marekani kuna jambo la kuliwazia mapema. Baada ya kukubali nafasi, chuo hukutaka uonyeshe fedha za mwaka wa kwanza ndipo kikupe I-20, hati ya chuo unayoombea viza ya mwanafunzi. Kisha kuna ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350 kwa mwanafunzi, halafu miadi ya ubalozi. Ukiitwa kutoka akiba mwezi wa Juni, siku zinakubana vibaya. Kwa hiyo kusanya taarifa za benki na hakikisha pasi yako haijakaribia kuisha wakati bado unasubiri. Waulize pia kama nafasi inaweza kusogezwa mwaka, maana idara nyingi za sanaa hazikubali.

"Nikikubaliwa tu, mengine yatajipa."

Natamani ningemshika kila mwombaji mkono kwenye hili. Barua ya kukubaliwa na barua ya fedha ni vitu viwili, na wakati mwingine hufika siku tofauti. Kuna programu zinazofuta ada yote na kutoa posho kwa kazi ya kusaidia kufundisha. Nyingine hukata sehemu tu, na ada inayobaki kwa mwaka ni makumi ya maelfu ya dola, mbali na vifaa na chumba. MFA ni ya miaka miwili kwa kawaida, nyingine ni ya mitatu, kwa hiyo zidisha. Ofa iliyokaa kimya juu ya mwaka wa pili haijakuahidi mwaka wa pili.

Mei 2015, wanafunzi wote 7 wa mwaka wa kwanza wa MFA katika shule ya sanaa ya Roski, Chuo Kikuu cha Southern California, walijiondoa kwa pamoja. Walisema ufadhili na masomo waliyoahidiwa walipodahiliwa yamebadilishwa. Uongozi ulikuwa na maelezo yake. Mimi huitaja habari hiyo kwa sababu moja: kila ulichoambiwa kwa mdomo, kiombe kwa maandishi kabla ya kulipa amana ya kushikilia nafasi.

Wengi pia hudhani kuomba kuongezewa ufadhili ni utovu wa adabu, kwamba watanyang'anywa nafasi. Idara zimezoea kuulizwa. Andika kwa heshima, sema una ofa nyingine ya kiasi fulani, uliza kama kuna njia. Wakisema hapana, ofa yako iko pale pale. Na ikiwa hesabu haikubali kabisa, kumbuka kwamba Marekani si mlango pekee. Royal Academy Schools ya London ina programu ya uzamili ya miaka mitatu isiyotoza ada.

"Wamenikataa kwa sababu kazi yangu ni mbovu."

Auguste Rodin, mchongaji mashuhuri wa Ufaransa, alikataliwa mara tatu na École des Beaux-Arts, shule ya sanaa ya Paris. Watu husimulia kisa hicho kumfariji aliyekataliwa, kana kwamba kila aliyekataliwa ni Rodin. Mimi napenda sababu yake zaidi. Alikuwa amefunzwa kufinyanga kwa namna ya karne ya 18, na waliokuwa wakihukumu walitaka kitu kingine kabisa. Kamati ya leo nayo ina ladha yake, ina walimu fulani na si wengine, na ina wanafunzi wa mwaka wa pili waliokwisha kujaza sehemu ya studio. Ikiwa tayari wana wachoraji watatu wa sura za watu, wa nne huenda akakosa hata akiwa bora.

Wapo ambao kweli picha zao hazikutosha, na mara nyingi tatizo huwa upigaji wa picha: turubai imepinda kwenye fremu, kivuli cha mpigaji kimeangukia kona, rangi nyekundu imegeuka chungwa. Vyuo vingi havitoi maelezo kwa waliokataliwa, lakini uliza mara moja, kwa sentensi mbili, baada ya msimu kupita. Mwalimu mmoja aliwahi kunijibu mwezi wa Mei. Aliandika kwamba kazi nne za mwisho zilikuwa za mtu mmoja na zile za kwanza zilikuwa za mtu mwingine, na kamati haikujua imchukue yupi.

Nilizitoa zile za kwanza. Zilikuwa ndizo nilizozipenda zaidi, na ilinichukua hadi Oktoba kukubali kuziacha.