Mshono haufumuki eti kwa sababu tu ni wa mkono

Nimeulizwa tena: “Mwalimu, nikienda likizo bila cherehani, nitashona nini cha maana?” Muulizaji ana sindano, ana uzi, ana macho mazuri na siku nzima za kukaa kivulini. Kinachomzuia ni ile hadithi kwamba mshono wa mkono ni wa kuzugia tu, ushikilie nguo mpaka ufike kwenye cherehani, na kwamba siku utakapoinama kuokota kitu utaumbuka mbele za watu. Nimechoka kuijibu kwa mtu mmoja mmoja. Leo naijibu kwa wote.

Cherehani haikubuniwa kwa sababu mishono ya mkono ilikuwa inafumuka. Mwaka 1845 huko Boston, Elias Howe aliishindanisha mashine yake na washonaji watano wa mkono, na mashine ikawapita wote. Ilikuwa inapiga mishono kama 250 kwa dakika. Mwaka uliofuata akapata hataza. Kilichowaduwaza watu pale ni kasi, na kasi ni kitu kizuri sana ukiwa na oda ya sare mia mbili. Wewe uliye likizo una haraka ya nini?

Sasa tuingie ndani ya mshono wenyewe, maana watu wanausifu wa cherehani bila kuujua. Ule wa kawaida ni nyuzi mbili zinazokutana katikati ya unene wa kitambaa na kufungana. Uzi wa juu unabaki juu, wa bobini, ile rili ndogo ya chini ya sindano, unabaki chini. Mkazo ukiwa sawa, hapo zinapofungana huwezi kupaona. Mkazo wa juu ukizidi, uzi wa juu unalala umenyooka huku ukivuta vitanzi vya uzi wa chini. Kamata ncha yake, vuta taratibu: unatoka mzima mzima, na vipande viwili vya nguo vinaachana bila ugomvi. Mshono huo umepigwa na mashine ya umeme, umepangika vizuri kwa macho, na hauna nguvu ya kushika hata kola.

Kuna jingine. Mashine ya Mfaransa Barthélemy Thimonnier, iliyopata hataza mwaka 1830, ilishona mshono wa mnyororo, yaani uzi mmoja ambao kila kitanzi chake kinashikwa na kitanzi kinachofuata. Mshono wa aina hiyo bado upo, ndio unaofunga midomo ya magunia mengi. Ukiipata ncha sahihi ukavuta, gunia linafunguka lote kwa mkupuo, na ndiyo sababu ya kuutumia. Sasa vile vicherehani vya kushika kiganjani, vyenye umbo la stepla, vinavyouzwa kama kifaa cha msafiri, vingi vinashona kwa uzi mmoja namna hiyohiyo. Kwa hiyo mtu anaukimbia mkono wake kwa kuogopa kufumuka, halafu anatoa pesa kununua mshono wa gunia. Nacheka, lakini inaniuma.

Turudi mkononi. Chukua vipande viwili vya pamba na uzi mmoja, usiukunje mara mbili. Toa sindano juu, rudi nyuma milimita mbili, izamishe, iibukie milimita mbili mbele ya pale ilipotokea mara ya kwanza. Rudi tena mpaka kwenye tundu la mshono uliopita, zamisha, ibukia mbele. Endelea hivyo mpaka ufike urefu wa kidole. Juu utaona mstari usio na pengo, ambao mtu wa haraka atadhani ni wa cherehani. Geuza. Chini, kila mshono ni mrefu mara mbili ya ule wa juu na umelaliana na jirani zake. Sasa kata mshono mmoja wa katikati kwa makusudi, shika vipande viwili na uvute. Patafunguka kijitundu pale ulipokata, basi. Ili mstari wote ufumuke, uzi ungebidi upite kinyumenyume katika kila tundu, na hakuna suruali yenye subira hiyo.

Cherehani iliyorekebishwa vizuri nayo haifumuki yote kwa kukatwa mshono mmoja, nisije nikasingiziwa kwamba naichukia. Ila mshono huu wa kurudi nyuma, usipoukaza kupita kiasi, hunyumbulika kidogo, na hilo utalipenda kwenye kitambaa cha fulana. Pale mstari mnyoofu wa cherehani hukatika siku ya kwanza unapopitisha kichwa, ndiyo maana wenye mashine wanakwenda zigizaga.

Basi kwa nini mishono yenu ya mkono inafumuka? Kwa sababu mnachokiita mshono wa mkono ni bandi. Sindano inaingia, inatoka, inaingia, nafasi milimita nane, halafu fundo kubwa mwishoni kama dua. Bandi ina kazi yake, nayo ni kushikiza vipande mpaka mshono wenyewe upite. Kuikabidhi makalio ya suruali ni kuionea. Ukitaka kwenda mbio kidogo kwenye sketi pana isiyobana popote, piga bandi ndogondogo nne, kisha mshono mmoja wa kurudi, tena nne, tena mmoja. Kwapani na kwenye mifuko usifanye ujanja huo.

Kosa la pili ni kukunja uzi mara mbili “ili uwe imara”. Nyuzi mbili hazivutiki sawasawa hata siku moja. Mmoja unabaki umelegea, mwenzake anabeba mzigo wote, na ule uliolegea unajikunja vitanzi upande wa chini. Mara mbili ni kwa vifungo. Kosa la tatu ni urefu: dhiraa moja ya uzi, yaani sentimita 45 hivi, inatosha. Mtu akitunga uzi wa pima nzima ili asiinuke tena, ule uzi unasuguliwa na kitambaa na tundu la sindano mamia ya mara, na ukifika mwisho umebaki manyoya. Namba za sindano nazipitia mbio: za mkono, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, za cherehani ni kinyume, 90 ni nene kuliko 70, kwa sababu ni unene wa mwili wake kwa sehemu za mia za milimita.

Sasa linalonipandisha mori hasa. Watu wakisikia mshono unatakiwa kudumu, wanakimbilia uzi mgumu kuliko wote. Nimeletewa blauzi ya pamba nyepesi iliyoshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki, na mwenyewe anajisifu. Jamani. Mshono mzuri unatakiwa uwe dhaifu kidogo kuliko kitambaa chake. Nguo ikibanwa ghafla, lazima kitu kimoja kiachie. Ukiachia uzi, unakaa kwa dakika kumi, unaurudisha, na hakuna atakayejua. Uzi ukigoma, kitakachoachia ni kitambaa, nacho kinachanika kwa kufuata matundu ya sindano, mstari mzima. Hapo huna cha kurudishia. Una kiraka cha kutia mahali pabaya.

Na wingi wa mishono ni vivyo hivyo. Cherehani nyingi za nyumbani huja zimewekwa milimita 2.5, yaani mishono minne kwa sentimita, na kwa nguo za kawaida hapo panatosha. Mkono unaweza kufuata humo humo, au mitatu kwa sentimita ukiwa na kitambaa kizito kidogo. Ukijaza mishono kwenye kitambaa chepesi kwa kudhani unaongeza nguvu, umekitoboa mstari wa kuchania. Kitambaa kinashikwa na mtande na mshindio wake, yaani nyuzi za urefu na nyuzi za kukingama. Kila tundu linasukuma nyuzi hizo pembeni, na sindano butu inazikata kabisa. Kisha mnaacha nafasi ya mshono, yaani kitambaa kati ya mstari na ukingo, ya nusu sentimita kwenye kitambaa kinachochambuka, nguo inafuliwa mara chache, kingo zinachambuka mpaka kwenye mstari, na lawama zote zinaushukia mkono. Acha sentimita moja na nusu. Pinda kingo na uzishonee ndani. Kama kitambaa ni pamba, kifue kabla ya kukata, kisinywee baadaye kikajivuta na mishono yake.

Vitabu vinaongeza kwamba uzi wa polista hukata nguo ya pamba, kwa hiyo pamba ishonwe kwa pamba tu. Hapa nina shaka zangu. Nguo nilizoona zimechanika kando ya mshono zilikuwa pia zimebana, au zimekaa juani miaka, au zimeachiwa nafasi finyu ya mshono. Polista ilikuwepo, lakini na jua lilikuwepo. Mimi nashona pamba kwa polista na nalala usingizi. Kuhusu nta ya nyuki, ukiupitisha uzi wa pamba kwenye nta, ukauweka kati ya karatasi mbili na kupiga pasi, nta inazama ndani na uzi unaacha kujisokota ovyo. Hilo naliona kwa macho. Kwamba uzi unakuwa na nguvu zaidi, sitaapa. Na ile kanuni ya kutunga ncha inayotoka kwanza kwenye rili? Nimejaribu ncha zote mbili, na uzi una siku zake za kusumbua bila kujali. Naifuata kwa heshima ya walionifundisha. Ukiona uzi unajisokota, iachie sindano ining’inie mpaka itulie, kisha endelea.

Anayetaka ushahidi wa zamani na akatazame vazi la Tarkhan. Ni nguo ya kitani kutoka makaburi ya Misri. Ilifukuliwa mwaka 1913, ikakaa ndani ya lundo la vitambaa vichafu mpaka ikatambuliwa mwaka 1977, na vipimo vilivyotangazwa mwaka 2016 viliiweka kati ya miaka 3482 na 3102 kabla ya Kristo. Ina mikunjo kwenye viwiko na makwapa, maana yake mtu aliivaa. (Najua, ukame ndio uliohifadhi kitani, si umahiri wa fundi. Hata hivyo mtu aliinua mikono ndani ya nguo ile, na haikuwa na uzi wa bobini.)

Cherehani ina mahali pake: mapazia, mashuka, jinzi iliyokunjwa tabaka nne. Hizo sizishoni kwa mkono hata nikipewa likizo ya mwaka.

Kwa safari, siri ni kukata nyumbani. Kukata kunataka meza, mikasi mirefu na pasi, vitu ambavyo chumba cha wageni hakina. Kata vipande vyote, weka alama, vishikize kwa bandi, vikunje kwenye mfuko mmoja. Likizoni unabaki na raha ya kushona tu: mishono ya ubavuni ya blauzi nyepesi, pindo, vitundu vya vifungo, viraka vidogo vya pembe sita vya kuunganisha. Kudarizi ni kuzuri mchana, lakini uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi chini ya taa ya kitandani ni kujitafutia miwani. Kwenye gari linalotikisika mimi nachukua krosheti; sindano ya krosheti ikikuponyoka haikuchomi, na kazi ikiharibika unafumua safu moja tu.

Mizigo ya ndegeni: Marekani inaruhusu sindano za kushonea kwenye mkoba wa mkononi, na mikasi ikiwa makali yake kuanzia kwenye msumari unaoyaunganisha hayafiki inchi 4. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya kikomo cha makali ni sentimita 6. Kile kisu cha gurudumu cha kukatia kitambaa kiende kwenye sanduku linalopakiwa chini. Afisa wa ukaguzi ndiye mwenye neno la mwisho, kwa hiyo usimpelekee mikasi uliyorithi. Karibu na bahari sindano hushika kutu upesi; zihifadhi kwenye kipande cha sufu kavu, na beba kastabani, kile kikofia cha kukinga ncha ya kidole, kwa sababu kidole chenye kidonda hakishoni. Zihesabu sindano kabla hujaondoka kitandani kwa watu, na kijisumaku kidogo kitakusaidia kuitafuta iliyopotea. Mikasi mikubwa ibaki nyumbani, tena imefichwa, la sivyo ukirudi utakuta kuna mtu ameikatia maboksi.