Kiyoyozi kikubwa si lazima kiwe bora

Wengi Mwanza huamini kiyoyozi cha BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza) kitapooza chumba vizuri kuliko cha 9,000. Kitapooza haraka, kweli, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu, nao hutoka pale tu koili, yaani mabomba baridi ndani ya mashine, inapokaa baridi kwa muda, maji yakidondoka kwenye bomba. Mashine kubwa hufika nyuzi 24 upesi, kompresa (pampu ya gesi ya kupoozea) inazima, maji yaliyobaki kwenye koili yanarudi hewani. Chumba baridi, mashuka yana unyevunyevu. Inveta, mashine inayopunguza kasi badala ya kuzima, hupunguza kero hiyo, haiimalizi.

Anzia BTU 600 kwa mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni 9,600: kikiwa na dari na kivuli, 9,000 inatosha, bati tupu na dirisha la magharibi, chukua 12,000. Ila pigeni dari kwanza.