Je, kila mwanasayansi hufuata hatua zilezile?

Wengi tuliosoma sekondari Dar es Salaam tulikariri hatua za uchunguzi wa kisayansi: swali, dhana, jaribio, matokeo, hitimisho. Ndiyo maana watu wengi huamini kwamba kila mwanasayansi hupanda ngazi hiyo bila kuruka kidato.

Darasani hatua hizo zinasaidia sana. Ila tangu miaka ya 1970 wapo watafiti walioingia maabara wakakaa humo miezi mingi, wakiwatazama wanasayansi kazini. Walikuta vipimo vinarudiwa, watu wanabishana juu ya mchoro mmoja, na swali lenyewe linabadilika kazi ikiendelea. Pengine kazi huanza kwa bahati tu: mwaka 1928, huko London, ukungu uliota kwenye kisahani cha bakteria, na bakteria waliokuwa karibu nao wakatoweka. Penisilini, dawa ya kuua bakteria, ilianzia hapo. Ripoti huandikwa baadaye, mambo yakiwa yamenyooshwa. Huko si kudanganya, ni kumrahisishia msomaji.

Unaweza kujionea mwenyewe. Nenda ufukweni Kigamboni siku nne mfululizo, uandike saa maji yanapojaa kabisa. Utaona yanachelewa kila siku; kwa wastani ni takriban dakika 50. Kisha linganisha swali ulilokwenda nalo siku ya kwanza na lile unalojiuliza siku ya nne.