Koki ya hita kwenye gari la zamani: ni nini, na mpya unaichaguaje

Koki ya hita, wengine wanaita valvu, ni kile kidude kinachokaa kwenye paipu za mpira zinazotoka kwenye injini kuingia ndani kupitia ukuta wa bati nyuma ya injini. Inafungulia au inafungia maji ya moto yanayoenda kwenye rejeta ndogo iliyojificha chini ya dashibodi, feni ikipuliza kwenye hiyo rejeta ndo unapata hita.

Sasa Mwanza hii nani anawasha hita? Kweli wachache, ila koki ikishindwa kufunga, maji ya moto yanapita ndani muda wote, umejaza gesi ya AC juzi tu lakini saa saba mchana kwenye foleni ya Buzuruga inapuliza vuguvugu, unaambiwa kompresa imechoka kumbe wala. Na ukienda Arusha kwa kupitia Singida mwezi wa saba alfajiri utaitafuta hiyo hita, au siku ya mvua kioo kikiweka ukungu.

Kuipima ni rahisi. Injini ikishapata moto weka swichi kwenye baridi, gusa paipu kabla na baada ya koki, kwa tahadhari maana zinaunguza. Zote zikiwa za moto, haifungi. Ukiona chumvichumvi nyeupe au ya kijani shingoni mwa koki, hiyo ni kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, iliyovuja ikakauka. Zulia la mbele likilowa na ndani kunanuka utamutamu, shida ni ile rejeta ndogo, usinunue koki bado. Ila angalia kwanza kama gari lako linayo, gari nyingi za siku hizi hazina, maji yanazunguka tu na joto linaamuliwa na mlango mdogo ndani ya dashibodi.

Kwenye kununua ndo watu wanapigwa, unaenda dukani unataja jina la gari unapewa inayofanana. Toa ya zamani nenda nayo mkononi. Kuna za kuvutwa na kebo, za vakyumu, yaani zinazovutwa na hewa inayonyonywa na injini, na za umeme, hazibadilishani hivihivi. Ya kebo angalia wenzo unavutwa upande gani kufungua, ukikosea baridi inakuwa moto na moto baridi. Ya vakyumu kuna inayokaa wazi isipovutwa na kuna inayokaa imefungwa, na hapo kwa macho huwezi kujua, puliza kwa mdomo kabla hujalipa.

Halafu midomo, yaani zile shingo za koki zinazovalishwa paipu. Nyingine ina miwili, nyingine minne, na hili mafundi wengi wanalipuuza. Ya minne ikifunga, maji hayasimami, yanageuzwa yarudi kwenye injini bila kupita ndani. Kuna injini zinautegemea huo mzunguko wakati themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende rejeta kubwa mpaka injini ipate moto, bado haijafungua, ukiweka ya midomo miwili mahali pa minne maji yanakwama, kwa hiyo minne irudi minne. Hata anayetaka kubaipasi kabisa, yaani maji yasipite kwenye hita, aunge paipu ya kwenda na ya kurudi ziwe moja, sio kuziziba na bolti kila moja kivyake. Mimi kubaipasi naona sawa kwa kufika nyumbani tu.

Upana wa mdomo pima, kawaida ni milimita 16 au 19. Paipu ya 19 kwenye mdomo wa 16 unaweza kuikaza klipu mpaka plastiki ipasuke na bado inavuja. Kama koki ina mshale, ufuate maji yanakoelekea. Ya plastiki usinunue mtumba, imeshapikwa miaka kwenye gari la mtu. Ya chuma mtumba sio mbaya ila chezesha wenzo mwanzo mpaka mwisho, ukiwa mgumu achana nayo. Na kama ulikuwa unajazia maji ya bomba au ya ziwa badala ya kulanti, safisha mfumo kwanza, la sivyo lile tope la kutu litaihamia mpya.

Ukishafunga, weka swichi kwenye moto, jaza injini ikiwa ya baridi, acha iungurume mfuniko wa rejeta kubwa ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe. Afu ufunge mfuniko, zunguka nayo mpaka Igoma na kurudi huku unaangalia mshale wa temperecha, ikishapoa ongeza kilichopungua.