Kipimo cha ANA na lupasi: maswali baada ya majibu kutoka

Kipimo hiki kinatafuta nini?

ANA, yaani kingamwili (protini za kinga) zinazoshambulia vilivyomo ndani ya kiini cha seli za mwili wenyewe. Hupatikana kwenye lupasi (ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe), skleroderma (unaokakamaza ngozi), ugonjwa wa Sjögren (unaokausha macho na mdomo) na mengine ya tishu unganishi.

Maabara inaifanyia nini damu yangu?

Damu ikishaganda, seramu (maji ya damu) hutengwa na kuzimuliwa, mara nyingi 1:80, yaani sehemu moja ya seramu katika jumla ya 80. Tone lake huwekwa kwenye slaidi yenye seli za HEp-2, ambazo ni seli za saratani ya binadamu zilizooteshwa maabara. Hupendwa kwa sababu viini vyake ni vikubwa. Slaidi hukaa kama dakika 30 ndani ya kisanduku chenye unyevu, huoshwa kwa maji ya chumvi yenye bafa, kisha hutiwa kingamwili nyingine inayonasa IgG (aina kuu ya kingamwili) ya binadamu, iliyobandikwa rangi ya fluoresini. Dakika 30 tena, inaoshwa, inafunikwa kioo na kusomwa kwa darubini ya fluoresensi. Kama kingamwili zako zimeshika viini, vitang'aa kijani.

Hapa ndipo mambo huharibika. Slaidi ikikauka katikati ya kazi, mng'ao wa uongo huzuka. Isipooshwa vizuri, rangi hubaki hata pasipostahili. Ikiachwa mwangani, rangi hufifia na mgonjwa huonekana mzima. Ndiyo maana kila awamu huambatana na seramu moja inayojulikana kuwa chanya na nyingine hasi. Mojawapo ikienda kombo, kazi yote hurudiwa.

Nimeandikiwa "1:640, homojeni". Maana yake?

Seramu yako ilizimuliwa hadi 1:640 na viini bado viling'aa. Hicho ni kiwango cha juu. Homojeni ni kiini kung'aa chote sawasawa, dalili ya kingamwili dhidi ya DNA au histoni (protini zinazozungukwa na DNA). Madoadoa huelekeza kwenye kingamwili dhidi ya protini za seli ziitwazo Sm, RNP, Ro au La. Nukta za sentromea (sehemu ya kromosomu) huelekeza kwenye skleroderma. Lakini mchoro huelekeza tu, hauthibitishi: kila kingamwili hupimwa peke yake.

Kwa hiyo ANA chanya ndiyo lupasi?

Hapana, na kosa hili huwatia watu hofu ya bure. Utafiti wa maabara kadhaa uliochapishwa 1997 ulikuta ANA ya 1:80 kwa takriban 13 kati ya watu wazima wa afya 100, na ya 1:160 kwa 5. Magonjwa ya tezi ya shingo, maambukizi, na dawa kama haidralazini na isoniazidi huileta pia. Vigezo vya kuainisha lupasi vya 2019, vya EULAR na ACR (vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Ulaya na Marekani), huitumia 1:80 kama mlango wa kuingilia tu. Ndani huhesabiwa dalili na vipimo vingine mpaka pointi 10.

Ikiwa hasi?

Lupasi inakuwa jambo la mbali. Ila kingamwili za Ro huweza kupita bila kuonekana kwenye HEp-2, hivyo dalili zikishinikiza, Ro ipimwe moja kwa moja.

Niirudie kila kliniki?

Haina faida. Mwenendo wa lupasi hufuatiliwa kwa kingamwili za DNA, C3 na C4 (protini za kinga kwenye damu), na protini kwenye mkojo.

Kinyama kilichokatwa kwenye ngozi au figo ili kipimwe nacho?

Nacho hutiwa rangi hiyo ya fluoresini, kutafuta kingamwili za IgG, IgA na IgM, na protini za kinga C3 na C1q. Kipande cha kazi hii kisitiwe kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu), maana huharibu kinachotafutwa: kigandishwe, au kiwekwe kwenye kimiminika cha Michel, cha kuhifadhia vipande vya aina hii. Cha kusomwa kwa rangi za kawaida ndicho kiende kwenye fomalini.